Jiwe la Mia Nane

Mjomba wangu aliwahi kuuza jiwe kwa shilingi mia nane. Ilikuwa 1998, mvua za El Niño zikiwa zimetoka tu kuosha makorongo ya Mangare, kule Taita Taveta, na kuacha kokoto zimejianika juu ya udongo kama mahindi. Jiwe lenyewe lilitoshana na jino la ng'ombe, jekundu la kukolea. Mjomba alikuwa na hakika ni rodolaiti, ile ganeti nyekundu ambayo kule hata mtoto wa nasari anaijua. Akalifunga kwenye karatasi ya sigara, akapanda matatu hadi Voi, akalipeleka kwa broka mmoja.

Broka akalishika, akaligeuza mara mbili, akasema anaenda nyuma kuchukua mizani. Akavuta pazia. Mjomba husema aliona mwanga wa zambarau ukipenya chini ya pazia kwa dakika moja hivi, kisha ukazimika. Broka akarudi na mizani. Mjomba akataja mia nane, akitarajia waanze kuvutana. Broka akalipa mia nane.

"Broka asipobishana bei, kijana, jua umeshaliwa," mjomba huniambia kila anapofika hapo.

Nimekua na hadithi hii. Husimuliwa kwenye matanga, kwenye harusi, na kila stima zinapopotea. Lakini miaka yote hiyo sikuwahi kuuliza swali la maana: ule mwanga wa chini ya pazia ulikuwa nini? Hata nilipoenda chuo kikuu kusomea fizikia sikuuliza. Nilisoma miaka miwili, karo ikakatika, nikarudi nyumbani na daftari zangu. Siku hizi nalipwa kwa maneno: mtu ana bidhaa, mimi naiandikia maelezo. Mwaka jana mteja mmoja alitaka maelezo ya tochi za UV za kutafutia mawe. Maneno mia tano, basi. Nikaanza kusoma, nikakumbuka pazia la Voi, na hayo mia tano yakanishinda kuyafunga.

Haya ndiyo yaliyobaki.

*

Aliyeugundua mwanga huo alikuwa kijana wa miaka 24. Johann Wilhelm Ritter alizaliwa 1776, akaanza kazi kama mwanagenzi wa muuza dawa, kisha akaenda Jena, Ujerumani, kusoma na kufanya majaribio. Mwaka 1800 William Herschel, kule Uingereza, alikuwa amepasua mwanga wa jua kwa mche wa kioo na kuweka vipimajoto kwenye rangi zake. Akakuta joto mahali pasipo na rangi yoyote, nje kidogo ya nyekundu. Ritter akajiuliza: kama kuna kitu kimejificha upande huu, upande wa pili je?

Mwaka 1801 akachukua karatasi iliyopakwa kloridi ya fedha, chumvi ambayo huwa nyeusi ikipigwa na mwanga, akaitandaza chini ya rangi zile. Ilikuwa nyeusi haraka zaidi pale nje ya zambarau, mahali ambapo jicho halioni kitu. Kiswahili sanifu kinauita mwanga huo urujuanimno. Mafundi wa Luthuli Avenue wanauita UV, na mimi nitafuata mafundi. Ritter mwenyewe alikufa 1810 akiwa na miaka 33, maskini wa kutupwa.

Hatua ya pili inapitia kwenye dawa ya malaria. Mwaka 1852 George Gabriel Stokes, profesa wa Cambridge, alitia maji ya kwinini kwenye mrija wa kioo, akausogeza polepole kwenye rangi za jua, kutoka nyekundu hadi zambarau. Katika rangi nyingi maji yalibaki maji. Mrija ulipovuka zambarau na kuingia gizani, ukawaka buluu. Mwanga uliingia hauonekani, ukatoka unaonekana.

Nikieleza hili mtaani hutumia noti. Unaingia dukani na noti ya elfu moja, unanunua kitu cha mia tatu, unarudishiwa mia saba. Jiwe linafanya vivyo hivyo. Linapokea UV, ambayo ni noti kubwa, linakata kidogo kinachobaki ndani kama joto, halafu linarudisha chenji. Chenji hiyo ndiyo rangi tunayoiona: nyekundu, kijani, chungwa, kutegemea limekata kiasi gani. Haiwezekani urudishiwe zaidi ya ulichotoa. Hiyo ndiyo kanuni ya Stokes, na ni kanuni ya kila duka.

Stokes alihitaji jina la jambo hilo. Akalichukua kutoka kwa jiwe ambalo wachunguzi wa mawe walikuwa wameshaona kwamba hubadilika rangi likiwa juani: fluospa. Kutoka fluospa akaunda fluoresensi. Mkenya akisikia fluospa anakumbuka Kimwarer, Bonde la Kerio, ambako jiwe hilo lilichimbwa tangu miaka ya 1970, likasagwa kuwa unga, likasafirishwa hadi Mombasa na kupakiwa melini kwenda kwa viwanda vya watu wengine. Mwaka 2016 mgodi ukasimama. Kumbe jiwe lililoupa ulimwengu jina la mwanga huu lilikuwa likipita kwenye barabara zetu likiwa limefunikwa turubai. Penye miti hapana wajenzi.

*

Sasa, kujua kwamba jiwe linawaka ni jambo moja. Kuliona likiwaka ni jingine. Tatizo ni kwamba karibu kila chanzo cha UV hutoa pia mwanga wa kawaida, na huo wa kawaida ni kelele. Chenji ya jiwe ni ndogo. Ukiimulika kwa taa inayotoa zambarau na weupe kibao, macho yako yanaona taa tu, jiwe halionekani limefanya nini. Ni kama kumsikiliza mtu anayenong'ona karibu na spika ya matatu.

Jibu lilitoka kwa Robert Williams Wood, Mmarekani wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Mwaka 1903 alitengeneza kioo chenye oksidi ya nikeli. Ukikitazama ni cheusi, huoni ng'ambo. Lakini UV inapita. Kioo hicho kinazuia kinachoonekana na kuruhusu kisichoonekana. Katika vita vya kwanza vya dunia kilitumika kupeleka ishara ambazo adui hakuziona. Baadaye madaktari wakakipeleka kliniki: ukimmulika mtoto mwenye mapunye kichwani, aina fulani za ukungu huo huwaka kijani. Taa hiyo bado inaitwa taa ya Wood hadi leo.

Nilikaa na hilo la Wood siku kadhaa. Sisi tukitaka kuona vizuri tunaongeza: balbu kubwa, wati zaidi, tochi ya kumulika hadi ng'ambo ya mto. Yeye alipunguza. Ndiyo maana mtu akiniuliza siku hizi, "Nataka tochi ya UV yenye nguvu, ninunue gani?" namjibu kwamba nguvu ya tochi hii haianzi kwenye betri. Inaanza kwenye kile inachokizuia.

*

Waliolielewa jambo hili mapema kwa faida walikuwa wenye migodi. Kule New Jersey, Marekani, kuna miamba ya zinki ya Franklin na Sterling Hill. Madini yake ni ya ajabu: zaidi ya aina 350, na kadhaa kati yake huwaka. Wilemaiti, ambayo ina zinki, huwaka kijani. Kalsaiti iliyoizunguka huwaka nyekundu. Kampuni ikaleta taa za cheche za chuma, zilizotoa UV kwa wingi, kukagua mabaki ya kiwandani. Kijani kikionekana kwenye rundo la kutupwa, zinki ilikuwa inapotea, na zinki ni pesa. Mgodi wa Franklin ulifungwa 1954, wa Sterling Hill 1986. Lakini mwaka 1968 bunge la jimbo lilikuwa limeshaitangaza Franklin kuwa mji mkuu wa dunia wa mawe yanayowaka, na leo watalii hulipa kuingia shimoni kuona kuta za kijani na nyekundu.

Wakati huo taa zilikuwa zimebadilika. Mwaka 1901 Peter Cooper Hewitt alipata hataza ya taa ya mvuke wa zebaki, na zebaki ina tabia moja nzuri kwa mtafuta mawe: ukiipitishia umeme hutoa UV kali sana ya nanometa 254. Kioo cha kawaida huimeza hiyo, kwa hivyo mrija lazima uwe wa kwatsi. Kufikia miaka ya 1930 kampuni ya Ultra-Violet Products, California, ilikuwa ikiuza taa za kubeba kwa ajili ya mawe.

Halafu vikaja vita vya pili. Jeshi lilihitaji tungsteni ya kukazia chuma cha mashine na risasi. Madini yake mojawapo, sheelaiti, mchana ni jiwe jeupe lisilo na habari, unaweza kulikalia ukinywa chai. Lakini chini ya nanometa 254 huwaka buluu nyeupe. Basi watafutaji wakawa watu wa usiku. Walipanda milima ya magharibi mwa Marekani na taa na betri nzito mgongoni, wakitembea gizani wakitazama chini. Baada ya vita ikaja zamu ya urani, nayo baadhi ya madini yake huwaka kijani kikali.

Ukitazama orodha hiyo utaona kitu kimoja. Kampuni ya zinki, jeshi, serikali ya urani. Jiwe lilikuwa mlimani kwa kila mtu, lakini taa ilikuwa ya mwenye uwezo. Na mwenye taa ndiye aliyejua.

*

Huku kwetu historia ni fupi na ina ugomvi mwingi zaidi. Mwaka 1973 wanajiolojia wawili Wamarekani, John Saul na Tim Miller, walipata rubi, ambayo wazee wa pwani huiita yakuti, huko Mangare. Mwaka uliofuata Saul akafukuzwa nchini, na mgodi ukaingia mikononi mwa wengine. Miaka michache kabla, Campbell Bridges, mzaliwa wa Scotland, alikuwa amepata ganeti ya kijani Tanzania mwaka 1967, kisha akaipata na kwetu. Tiffany & Co. wakaipa jina la tsavoraiti mwaka 1974, kwa heshima ya Tsavo. Agosti 2009 Bridges alivamiwa na kuuawa karibu na Voi, katika mzozo wa maeneo ya kuchimba. Kila mtu wa kule ana hadithi yake kuhusu mawe hayo, na nyingi huishia vibaya.

Wachimbaji wadogo kama mjomba hawako kwenye vitabu hivyo. Kwa miaka mingi sheria haikuwa hata na nafasi yao ya maana. Ni Sheria ya Madini ya 2016 iliyoweka wazi vibali vya mchimbaji mdogo. Silaha zao ni sururu, ungo, jicho, na broka.

Na jicho lina mpaka wake. Rubi na rodolaiti zote ni nyekundu. Zote hutoka udongo uleule wa Taita Taveta. Ikiwa mbichi, imejaa matope na nyufa, hata mtu mzoefu anaweza kukosea. Lakini ndani ni vitu viwili tofauti kabisa. Rubi hupata wekundu wake kwa kromiamu, na kromiamu ikipata UV hurudisha chenji nyekundu, nyekundu ya kaa la moto. Chuma ndicho adui wa mwako huo: kikiwa kingi ndani ya jiwe, kinauzima. Rodolaiti imejaa chuma, kwa hivyo inakaa gizani kama kipande cha tofali. Na rubi za Mangare zina chuma kidogo, ndiyo maana zinasifika kwa kuwaka.

Kwa hivyo broka wa Voi hakuhitaji mashine ya maabara. Alihitaji kisanduku chenye mrija wa zambarau, kama kile ambacho maajenti wa pesa kwa simu na wenye maduka huweka karibu na droo wakikagua noti bandia. Alihitaji pia pazia, kwa sababu bila giza mwako hauonekani vizuri. Na giza hilo lilimfaa kwa sababu nyingine pia: muuzaji asione.

*

Kilichovunja mpangilio huo kilitoka Japani. Taa za LED nyekundu zilikuwepo tangu miaka ya 1960, lakini ya buluu iliwashinda wengi. Isamu Akasaki na Hiroshi Amano walifungua njia. Shuji Nakamura, mhandisi wa kampuni ya Nichia katika mji mdogo wa Anan, akaifikisha sokoni: LED ya buluu yenye mwanga mkali ikatangazwa 1993. Mwaka 2014 wote watatu walipewa Nobel ya fizikia.

Nakamura alikuwa amepewa bonasi ya yeni 20,000 kwa kazi yake. Alipoondoka kampuni, akaenda mahakamani. Mwaka 2004 mahakama ya Tokyo iliamuru alipwe yeni bilioni 20. Kampuni ikakata rufaa, na mwaka 2005 wakapatana kwa takriban yeni milioni 840. Nilipomsomea mjomba hayo kwenye simu, alicheka sana. "Na yeye alienda kwa broka," akasema.

Ukishaweza kutengeneza buluu, unaweza kusogea kidogo ng'ambo ya zambarau. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 LED za nanometa 365 zikaanza kupatikana, na kufikia miaka ya 2010 zilikuwa zinaingia ndani ya tochi ya kushika mkononi. Hakuna mrija wa kuvunjika, hakuna zebaki, hakuna betri ya kubeba mgongoni. Mwaka 2017 Erik Rintamaki, mfanyabiashara wa mawe wa Michigan, alitembea usiku kwenye ufuo wa Lake Superior na tochi ya UV. Kokoto za kijivu ambazo watu walikuwa wakizikanyaga miaka yote zikawaka chungwa, zina mishipa kama jiko la makaa. Ni sayenaiti yenye sodalaiti, iliyoburutwa na barafu ya kale kutoka Kanada. Rintamaki akaziita Yooperlite, kutokana na jina la utani la watu wa eneo lile. Hakuwa kampuni, hakuwa jeshi. Alikuwa na tochi na usiku.

*

Nikaamua mjomba lazima apate yake.

Ukienda sokoni utakuta tochi za UV za bei ya chini sana, nyingi ni za nanometa 395. Utazijua haraka: ukiwasha, ukuta mzima unakuwa zambarau. Hizo zinafaa kutafutia nge, ambao huwaka kijani-buluu usiku, na mtu wa Taita anayelala nje anapaswa kuwa nayo moja. Rubi nzuri itawaka hata kwa hiyo. Lakini jiwe lenye mwako mdogo litazama kwenye ile zambarau. Kwa mawe unataka 365, na mbele yake kichujio cheusi, mjukuu wa kioo cha Wood. Wachina wanakiuza kwa jina la ZWB2, kimekatwa duara tayari kuingia kwenye kichwa cha tochi. Hata LED ya 365 ina weupe kidogo inaouvujisha, na kichujio ndicho kinachoukata. Kipimo changu ni karatasi ya alumini ya jikoni: imulike. Tochi isiyo na kichujio itaonyesha doa la weupe wa zambarau. Yenye kichujio kizuri itaonyesha karibu giza, hadi udhani umeuziwa mbovu.

Mimi nilitaka kuijenga mwenyewe, na nitakiri nilikosea mara mbili. Mara ya kwanza nilichukua tochi ya kawaida, nikatoa LED nyeupe nikaweka ya UV, nikaacha lenzi yake ya plastiki. Haikutoa kitu cha maana. Plastiki ile ndiyo iliyokuwa inaimeza UV. Kioo cha kawaida hupitisha 365 bila shida. Ni 254 ndiyo inayodai kwatsi. Mara ya pili nilibandika LED bila kibao cha shaba cha kuondoa joto. Iliwaka vizuri kwa dakika chache, ikafifia, ikafa. LED za UV hutoa joto jingi, na joto likikosa njia linaiua. Fundi mmoja wa Luthuli aliyenisikiliza bila kunicheka ndiye aliyenitolea mwili wa tochi wa alumini, akanionyesha jinsi ya kubana kibao cha shaba ndani yake, na akanikataza betri za kung'olewa kwenye laptopu kuukuu zisizo na kinga. Tukatumia 18650 moja mpya. Yote pamoja ilinigharimu kama elfu tatu, ukiacha zile nilizounguza.

Kuhusu macho sitanii. Usimwangalie nayo mtu, usijimulike. Hizi za 365 hazina ukali wa zile za 254, ambazo zinaweza kukuachia macho yanayowasha usiku kucha kama fundi wa kuchomelea aliyesahau miwani. Lakini kwa sababu mwanga wenyewe hauonekani, jicho halijui kujifunga. Miwani ya plastiki ya kazi, ile ya polikaboneti, inazuia UV vizuri.

*

Nilifika kwa mjomba jioni. Tulingoja giza. Mama mdogo wa jirani aliposikia kuna tochi ya kuonyesha visivyoonekana, akasema hiyo si ya mwanga, hiyo ni ya wanga, akaenda zake kulala.

Mjomba akaleta mkebe wa mafuta ya kupikia ambao ameuweka chini ya kitanda tangu nikiwa mtoto. Ndani mlikuwa na mawe ya miaka thelathini, yale yaliyokataliwa na kila broka. Akayamwaga juu ya gunia. Nikawasha.

Cha kwanza kuwaka kilikuwa shati lake. Sabuni za unga zina kemikali ya kuongeza weupe, na hiyo huwaka buluu. Tulicheka. Halafu tukatazama chini. Rodolaiti zote, giza. Tsavoraiti mbili ndogo, giza. Jiwe hilo kwa kawaida haliwaki, na tochi haikuambii lolote kulihusu. Kipande cha kalsaiti kikawaka waridi hafifu. Na pembeni kabisa, kitu kidogo kama punje ya mtama kikawaka nyekundu, peke yake, kama sigara ya mtu amekaa gizani.

Mjomba akakichukua. Hakuuliza ni nini. Akakaa nacho kiganjani kwa muda.

"Hiki kilivunjika kwa lile," akasema. "Nililigonga kidogo na nyundo nione ndani. Nikaweka kibanzi."

Sikujua niseme nini. Nilikuwa nimesafiri na tochi nikifikiri namletea zawadi, na nilichomletea ni hakika. Miaka yote hiyo aliweza kusimulia hadithi ile akicheka kwa sababu kulikuwa na labda ndani yake. Labda pazia lilikuwa la mizani tu. Labda ilikuwa rodolaiti kweli.

Nikaanza kumweleza mipaka ya tochi, kwa sababu ni kweli na kwa sababu sikuwa na lingine. Kwamba kuwaka si bei. Rubi iliyojaa nyufa huwaka sawa na rubi safi. Rubi za kutengenezwa kiwandani nazo huwaka, nyingine hata zaidi. Kwamba pengine lile lilikuwa jiwe la kawaida tu, la shanga.

"Pengine," akasema. "Lakini yeye alijua ananunua nini. Mimi sikujua nauza nini. Hiyo ndiyo tofauti, si bei."

Akaniomba tochi. Akaimulika ukutani, kwenye mlango, kwenye kucha zake, akajifunza kuiwasha na kuizima. Akauliza elfu tatu ni pamoja na betri? Nikasema ni pamoja.

Kesho yake jioni nilikuta wanaume sita wamekaa kwenye gogo mbele ya nyumba, kila mmoja na mfuko wake au soksi yenye mawe. Mjomba alikuwa ametundika blanketi mlangoni kuzuia mwanga wa mwezi. Aliwaingiza mmoja mmoja, na nikadhani naye amekuwa broka. Lakini kila aliyeingia alikabidhiwa tochi mwenyewe.

Mawe mengi hayakuwaka. Mzee mmoja alikuwa na kipande alichokihifadhi kwa ajili ya karo ya mjukuu, akiamini ni rubi. Kilibaki cheusi. Alikimulika upande huu na huu, akauliza kama betri imeisha. Mjomba akamwambia betri iko sawa. Mzee akakaa kimya, halafu akakirudisha kwenye soksi na kusema afadhali ameambiwa hapa, si Voi.

Wawili waliondoka na kitu kinachowaka. Hawakusema ni kikubwa kiasi gani, na hakuna aliyewauliza.